Ndugu wa Kivumbasi Anayehofia Moto Wetu

Leo tuanze na kivumbasi, mmea unaoufahamu vizuri: ukisugua majani yake yananukia, na jioni tunautumia kufukuza mbu. Shika shina lake changa, utaona lina pembe nne. Kivumbasi, mrehani na hata mtiki ni wa ukoo mmoja. Katika ukoo huo yumo ndugu mwingine aliyekaribia kupotea kabisa duniani. Wataalamu humwita Karomia gigas.

Huu si mmea wa kando ya nyumba. Ni mti mrefu wa misitu ya pwani, wenye shina lililonyooka. Majani yake mapana yako juu kabisa, kwa hiyo unaweza kupita chini yake usiutambue. Wataalamu waliukuta mwaka 1977 huko Kilifi, Kenya, lakini baadaye mti huo ulikatwa. Mwaka 1993 ukaonekana wilayani Kilwa, kisha ukapotea machoni. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakuta miti sita Kilwa. Msako uliofuata uliongeza mingine, lakini yote pamoja haikufika 30.

Kwa nini ni michache hivyo? Sababu ya kwanza ni mbegu. Matunda mengi huharibiwa na ukungu kabla mbegu hazijakomaa. Mwaka 2018 maelfu ya matunda yalipelekwa bustani ya mimea ya St. Louis, Marekani, mbegu nzima zilikuwa chache mno, na miche iliyoota ikawa michache zaidi. Sababu ya pili ni moto. Mche mmoja ukibahatika kuota msituni, moto wa kiangazi ukipita mara moja tu, umekwisha.

Utaniuliza, "Bwana shamba, hayo yananihusu nini mimi mwenye ufuta wangu?" Yanakuhusu, kwa sababu moto mwingi wa msituni huanzia shambani, tunapoandaa ardhi.

Basi fanya hivi. Kwanza, ukiweza usichome kabisa: laza nyasi na mabua kwa mistari, yaoze yarutubishe udongo. Ikibidi kuchoma, pata kibali cha kijiji na uwaarifu majirani. Lima ukanda mtupu kuzunguka shamba, usibaki hata unyasi mmoja. Subiri jioni, upepo ukiwa umetulia. Anzia upande ule ambako upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma polepole. Usiondoke mpaka makaa yote yamezimika.

Miche ya St. Louis ni akiba tu. Makazi ya mti huu ni msitu wa Kilwa, na msitu huo jirani yake ni wewe.

Haya, ndugu mkulima, moto wako uishie shambani mwako. Tukutane kipindi kijacho.