Vyungu Vikitoka Motoni

Ndugu mkulima, ukifinyanga udongo wa kutia ndani ya majiko ya makaa, usiupeleke mjini siku ile ile unapotoka motoni. Mama wa Umoja, Nairobi, amelizoea jiko la namna hii, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Likimpasukia, harudi kwa muuzaji yule.

Ngoja vyombo vipoe kabisa. Kisha gonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa sauti nzito, kina ufa au hakikuiva. Hapa sikio lapita jicho.

Sasa vunja kimoja, ingawa inauma, utazame gae lake. Weusi katikati maana yake moto ulikwisha mapema au ulikosa hewa. Siku nyingine uchome kwa muda mrefu zaidi. Chombo kilichobanduka magamba motoni kiliingia na maji bado. Wenzake wakae kivulini siku zaidi. Ukiona vijiwe vyeupe, chekecha udongo, kwani chokaa hunyonya unyevu na kupasua chombo hata baada ya siku kadhaa.

Kabla ya kuchoma, chora namba chini ya kila chombo, uandike daftarini kiasi cha mchanga na siku za kukausha. Na mtungi wa maji ukitoa jasho usiutupe: jasho hilo ndilo lipoozalo maji.