Nihamie wapi jamani?

Mwenzenu nimepewa notisi. Nyumba yetu ya vyumba sita jirani na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, inabomolewa lijengwe ghorofa. Miaka kumi na minne nauza vitenge sokoni na kurudi kwangu kwa miguu. Leo dalali ananizungusha juani.

Kwanza kanipeleka bondeni, Jangwani. Kodi chee, na sokoni ni pua na mdomo. Lakini nani kasahau Desemba 2011? Mto Msimbazi ulifurika, watu wakakimbilia juu ya mapaa, na Serikali ikawapa wengine viwanja kule Mabwepande. Nikamwambia, "Kaka, hapa silali."

Kigamboni kuna daraja tangu 2016, ila nauli ya kuunganisha magari itanimaliza. Nimeangukia Kimara. Mwendokasi, ulioanza mwaka huo huo, unanishusha Kariakoo. Kweli, mto ukifurika barabara ya Jangwani hufungwa, nami nitachelewa biashara. Afadhali kuchelewa kuliko kuelea!

Nimelipa miezi sita. Nawe msomaji, chumba usikikague kiangazi tu. Waulize majirani masika walilala wapi.