Kesho ya Fundi Huanza Magharibi

Wasomaji wengi wa ukurasa huu, wanaume hasa, wamewahi kusimama mlangoni pa fundi cherehani wakauliza, "Fundi, kanzu yangu tayari?" nao wakajibiwa, "Njoo kesho, inshallah." Na wengi wamekwisha tambua kuwa kesho ya fundi si siku inayofuata leo. Ni neno la kumwondosha mtu mlangoni tu. Jina la Mwenyezi Mungu tumelifanya kisingizio, na hilo peke yake ni jambo la kumtia mtu haya. Simsengenyi mwenzangu nisemapo hivi, maana mimi mwenyewe ni fundi. Nimekaa nyuma ya cherehani katika Mji wa Kale, Mombasa, kwa miaka inayopita 40, na katika miaka ya mwanzo nilikuwa muongo kama hao niwasemao.

Kisa kilichonizindua kilitokea mwaka 1987, katika Mfungo Mosi, mwezi ambao harusi hufuatana mjini kama shanga uzini. Kijana mmoja wa jirani, niliyesoma naye chuo kimoja tukiwa watoto, aliniletea kitambaa cha kanzu yake ya nikaha wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Arubuni akatoa papo hapo. Nikamwambia, "Kwako wewe, siku nne tu." Kitambaa kikakaa rafuni. Kila siku nilikitazama, na kila siku palikuwa na mtu mwingine mlangoni mwenye sauti kubwa zaidi, basi nikamshonea huyo kwanza. Hata ukafika usiku wa kuamkia nikaha ndipo nikakata. Nilikesha. Mnamo saa tisa za usiku nikautia mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto, na nilipokuwa nafumua, kitambaa kikachanika kwapani.

Alfajiri alikuja nduguye kuchukua nguo, akakuta matambara. Bwana arusi akaozwa ndani ya kanzu ya kuazima, ya ami yake, mtu mfupi. Joho lilisitiri mabega lakini halikuweza kusitiri miguu. Picha ya siku ile ingali ukutani kwao, na kila niingiapo nyumba ile jicho langu huenda kwanza kwenye pindo la kanzu, lililosimama juu ya vifundo vya miguu kama la mtoto aliyepita kimo. Rafiki yangu hakunitukana. Alituma salamu kuwa ile arubuni niihesabu sadaka, na kwa miaka mitano hakukanyaga dukani kwangu, yeye wala nduguze.

Jioni ya siku ile nilikwenda kwa shangazi yangu, Mungu amrehemu, kulalamika kuwa kazi ni nyingi na siku ni fupi. Shangazi alikuwa akipika mahamri na mbaazi za kuuza, na watoto wake wote amewalea kwa kazi hiyo. Nilimkuta amekaa juu ya kibao, sinia mbele yake, akikanda unga. Hakuacha kukanda. Aliniuliza, "Wewe kesho yako yaanza lini?" Nikamjibu, "Asubuhi, shangazi." Akasema, "Basi ndiyo maana. Yangu mimi imeanza sasa hivi, adhana ya magharibi ilipolia."

Nilidhani ni mzaha wa mtu mzima. Nilipofikiri nikaona amesema jambo ambalo sisi sote twalijua na hatulitumii. Siku ya Kiislamu huanza jua likichwa. Usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, papo hapo Ramadhani imeingia, nasi husali tarawehe usiku ule ule kabla hatujafunga hata siku moja. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Lakini katika kazi zetu tumeigeuza hesabu hii. Twauona usiku kuwa ni mkia wa siku iliyokwisha, wakati wa kusahau, kisha asubuhi twaamka na kuanza kutafuta mkasi.

Tazama kazi yenyewe ya shangazi. Baada ya magharibi hutia unga, sukari, iliki na hamira, akakanda kwa tui la nazi mpaka ukalainika, akaufunika. Mbaazi huzichagua na kuziroweka. Kuni na kibiriti huviweka pamoja, karai hulipangusa. Kazi hiyo haizidi saa moja. Kisha husali isha akalala, na wakati yeye amelala unga waumuka na mbaazi zalainika. Akiamka kwa alfajiri, nusu ya kazi imekwisha, wala hapana aliyeifanya. Imebaki kuchemsha, kusukuma, kukata na kukaanga, na jua likichomoza wateja wamekwisha panga foleni. Mwanamke aliyeanza kukanda alfajiri angeuza mahamri mazito kama mawe, au angeuza saa tatu, wakati kila mtu amekwisha kula.

Nikajiuliza: katika kazi yangu ni kipi kinachoumuka? Jibu lilikuwa ndooni. Kitambaa cha pamba lazima kirowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili kirudi kwa fundi na kisije kikarudi kwa mwenyewe baada ya kufuliwa. Nami nilikuwa nakiroweka asubuhi, nikangoja kikauke, na katika kungoja ndipo mazungumzo ya barazani huzaliwa. Tangu siku ile nikawa naroweka baada ya magharibi na kukianika ndani. Alfajiri nakikuta kimekauka, chataka pasi tu. (Siku hizi vitambaa vingi vina nailoni havirudi, na kazi hiyo imepungua, lakini desturi nimeibakisha kwa pamba.) Kisha hujaza uzi wa chini, hutia mafuta cherehani, na kila kanzu ya kesho huifunga furushi lake: kitambaa, vifungo, na karatasi ya vipimo yenye jina la mwenyewe. Mafurushi hayo hayazidi mawili. Nitaeleza kwa nini.

Mwezi mmoja baada ya kisa kile nilinunua daftari la shule, nikaandika kila jioni kazi niliyoimaliza. Sikuandika niliyoianza. Mwisho wa mwezi nikahesabu, na hesabu ikaniaibisha. Nilikuwa nikijisifu kuwa kwa siku nashona kanzu nne. Kumbe ni mbili, tena zisizo na tarizi. Basi kwa miaka yote ile kila nilipopokea kitambaa nilikuwa naahidi kwa mikono minne na kushona kwa miwili. Uongo wa fundi aghalabu si ubaya wa moyo. Hajui idadi yake. Nampa kila msomaji mwenye kazi ya mkono, awe seremala, msusi au mpishi, shauri la kuandika mwezi mmoja tu. Karani wa ofisi naye ahesabu barua alizozimaliza, asihesabu zilizo mezani.

Kwa idadi hiyo ndipo niliweza kusema hapana. Ramadhani ikifika siku ya 15 hufunga daftari la Idi. Ajaye siku ya 16 humwambia kuwa sina nafasi, nami humwelekeza kwa mwenzangu. Mwaka wa kwanza niliogopa kuwa nitakufa njaa. Nilipoteza washitiri sita au saba. Walionibakia walivaa kanzu zao siku ya Idi asubuhi, na mwaka uliofuata walikuja katika Shaabani.

Sasa nije kwenye mchana. Sisi wa Mombasa tumepewa neema ambayo hatuifikiri. Mji wetu uko karibu na mstari wa ikweta, digrii 4 hivi kusini yake, na kwa hiyo nyakati za swala hapa hupishana kwa nusu saa hivi kwa mwaka mzima. Wenye jamaa zao London wanajua mambo yalivyo kule: mwezi wa Disemba magharibi huingia kabla ya saa kumi za jioni, na mwezi wa Juni huingia baada ya saa tatu za usiku. Kwetu adhana ni saa isiyosimama wala kupotea majira, nayo haitaki betri. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Bidayatul Hidaya amempangia Mwislamu siku yake tangu kuamka hadi kulala, na anahimiza kila wakati upewe kazi yake maalumu. Wengi wetu tumesomeshwa kitabu hicho. Tumekichukua kwa ibada, tukasahau kuwa kinafaa pia dukani.

Mimi nimegawa hivi. Baada ya alfajiri ni kukata, maana kosa la mkasi halifumuliwi, na wakati ule kichwa ni chepesi na mlango haujabishwa. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaombea umati wake baraka katika mapema ya siku yao. Na aliyeipokea, Sakhr al-Ghamidi, alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akiipeleka bidhaa yake mwanzo wa mchana, na mali yake ikawa nyingi. Nimesikia watu wakiisimulia hadithi hiyo saa nne za asubuhi, wangali na miswaki kinywani.

Tangu kufungua duka hadi adhuhuri ni mashine, na mashine peke yake. Hushona mikono ya kanzu zote mbili, kisha vikwapa, kisha shingo, bila ya kurukia huku na huku, kwani mkono ukizoea kitendo kimoja huenda wenyewe. Baada ya adhuhuri na chakula hulala kidogo, dakika 20 au 30. Watu wa ofisi hucheka, lakini kailula ni sunna, na makosa yangu mengi ya zamani yalitokea saa nane, wakati joto na wali vilipokuwa vikigombea kichwa changu. Kisha ni kazi za mkono: vifungo, pindo, pasi. Alasiri hadi magharibi mlango u wazi kwa watu. Wa kupimwa apimwe, wa kuchukua achukue, wa kuzungumza azungumze. Simu ya mkononi nayo huitazama wakati huo. Anayetaka kutuma arubuni kwa M-Pesa aitume saa yoyote, ila jibu atalipata alasiri.

Kukesha nimeacha kabisa, isipokuwa Ramadhani baada ya tarawehe, kwa kuwa mwezi ule mchana na usiku hubadilishana. Mtume hakupenda kulala kabla ya isha wala mazungumzo baada yake. Nilipokuwa kijana nilikuona kukesha kuwa ni ushujaa. Leo fundi akiniambia amekesha, humuuliza mchana alikuwa wapi.

Nyumbani habari ni fupi, kwa kuwa mke wangu alikuwa akiishi hivi kabla sijamjua shangazi alisema nini. Mtaani kwetu maji ya mfereji hutoka usiku, kwa hiyo ndoo na madebe yasipowekwa tayari baada ya isha, kesho hakuna maji. Yeye hujaza, hukuna nazi, huweka mabuku ya watoto na juzuu zao mlangoni. Mimi nilikuwa mgeni katika nyumba yangu, nikija saa nne za usiku kutaka chakula kipashwe moto. Nilichoongeza ni kimoja tu: pasi yangu ikiwa bado moto jioni, nguo za shule za watoto na sasa za wajukuu nilizipiga pasi mimi, na bado nazipiga. Mke wangu alisema nimechelewa miaka tisa, kisha akanikabidhi na shuka.

Sisemi kuwa mpango huu umenitajirisha. Kanzu zilizoshonwa tayari kutoka ng'ambo zimejaa madukani, kwa bei ambayo sindano yangu haiwezi kushindana nayo, na vijana wengi hawajui hata kupimwa. Wanaokuja kwangu huja kwa kuwa wanataka nguo iliyokatwa kwa miili yao, na kwa kuwa siku niliyowaandikia ndiyo watakayoipata. Nikilikosa hilo la pili, la kwanza halitanilisha.

Mwaka 2019 aliingia dukani mzee mwenye mvi pamoja na kijana mrefu. Alikuwa ni yule rafiki yangu wa kanzu fupi, na kijana ni mwanawe wa pili, anaoa. Tulikuwa tumekwisha patana zamani, twasalimiana na kutembeleana, lakini kitambaa alikuwa hajaniletea tena. Nikampima kijana, nikafungua daftari, nikaandika Jumanne. Baba akainama akalisoma jina la siku, asiseme neno. Jumatatu alasiri alipita, akachungulia. Kanzu ilikuwa imetundikwa ukutani, imepigwa pasi. Akaingia, akalishika pindo kwa vidole viwili, akalivuta chini kulipima kwa mguu wake mwenyewe, kisha akauliza kama nina kitambaa cha kumtosha na yeye.