Hesabu ya sola na betri inayozuia redio za mlimani kuzimika

Na Mwandishi Wetu

MTAMBO unaopokea na kurusha upya mawimbi ya redio za upepo, ambao mafundi huuita ripita, kwa kawaida hufungwa kileleni, mbali na nguzo za umeme. Unapozimika, askari wa wanyamapori walioko porini na waokoaji walioko mlimani hukosa mawasiliano kwa wakati mmoja.

Chanzo cha kuzimika huko huweza kuwa si redio yenyewe, bali paneli na betri zilizonunuliwa kwa kukisia.

Hesabu huanzia kwenye matumizi. Ripita hutumia umeme kidogo inaposubiri na umeme mwingi inaporusha mawimbi. Kwa mfano, mtambo wa volti 12 unaotumia ampea 0.5 ukisubiri kwa saa 20, na ampea 8 ukirusha mawimbi kwa jumla ya saa 4, huhitaji ampea-saa 10 na 32, yaani 42 kwa siku.

Sehemu ya umeme hupotea katika nyaya, katika kidhibiti chaji na ndani ya betri. Ikiongezwa asilimia 20 kufidia upotevu huo, mahitaji hufikia takriban ampea-saa 50, sawa na wati-saa 600 kwa siku.

Hatua ya pili ni betri. Swali la kujibiwa ni siku ngapi mtambo utafanya kazi bila kuchajiwa, mawingu yakitanda. Kwa siku tano, zinahitajika ampea-saa 250.

Hata hivyo, betri ya risasi na asidi haifai kumalizwa. Ikizoea kushushwa chini ya nusu ya uwezo wake, maisha yake hufupika haraka. Kwa sababu hiyo, betri zinazotakiwa ni za jumla ya ampea-saa 500, si 250.

Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti huruhusu kutumika hadi asilimia 80, hivyo ampea-saa 315 hivi hutosha. Kasoro yake ni kwamba hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzijoto sifuri, jambo la kuzingatiwa katika vilele vyenye baridi kali kama vya Mlima Kilimanjaro.

Joto nalo ni adui. Betri ya risasi hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzijoto 10 zinazozidi 25, hivyo sanduku lake huwekwa kivulini na kuachiwa matundu ya hewa.

Paneli huja mwisho. Wati zinazoandikwa nyuma yake hupimwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Siku nzima ya mlimani huweza kuwa na mwanga unaolingana na saa nne tu za namna hiyo.

Wati-saa 600 zikigawanywa kwa saa nne, jibu ni wati 150. Lakini paneli ya kiasi hicho hutosheleza matumizi ya siku tu, haibakizi chochote cha kujaza betri iliyoshuka wakati wa mawingu. Vumbi na joto pia hupunguza uwezo wake. Wati 200 au zaidi ndizo salama.

Kosa kubwa ni kutumia wastani wa jua wa mwaka mzima. Mtambo uliopimwa kwa wastani hufanya kazi vizuri wakati wa kiangazi, kisha huzimika wakati wa masika, barabara zikiwa hazipitiki na fundi hawezi kupanda. Hesabu hufanywa kwa mwezi wenye jua hafifu kuliko yote.

Kwa Tanzania, iliyo kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini. Hulazwa kwa mwinuko usiopungua nyuzi 10 ili mvua isafishe vumbi. Kivuli cha tawi moja, au cha mnara wenyewe, huweza kupunguza umeme wa paneli nzima.

Mwisho, kidhibiti chaji kinapaswa kuwa na uwezo wa kukata umeme kabla betri haijaharibika. Redio ikikatwa kwa njia hiyo hurejea hewani jua likiwaka, ilhali betri iliyokufa husubiri kubebwa nyingine hadi kileleni.