Uso wa Handaki: Utangulizi wa Historia ya Uchimbaji Chini ya Maji

Reli ya kutoka Nairobi kwenda Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, hupita chini ya vilima vya Ngong katika handaki la takriban kilomita 4.5. Sisi wakaaji wa Karen tunavitazama vilima hivyo kila siku, na mwanafunzi anayetaka kuijua historia ya mahandaki hapa kwetu huanza kwa kuuliza habari zake. Namkubalia, kisha namwonyesha kile ambacho Ngong haina. Juu ya handaki lile kuna mwamba, na mwamba hujibeba wenyewe kwa kiasi kikubwa: ukiutoboa katikati, uzito hugawanyika kwenda pembeni. Maji yakitokea ni yale yaliyojikusanya kwenye nyufa. Anayechimba chini ya mto ana maji yasiyokwisha juu ya kichwa chake, na pengine kinachomtenga nayo ni mita chache tu za matope na kokoto. Taaluma ninayokukaribishia inahusu mita hizo chache, na jinsi watu wa karne ya 19 walivyojifunza kupita chini yake.

Vitabu vingi huipanga historia hii kwa majina ya wavumbuzi. Naomba wewe uipange kwa swali moja: dakika ile mchimbaji anapotoa udongo mbele yake, ni nini kinachouzuia udongo uliobaki, pamoja na maji yaliyo nyuma yake, visimfunike? Sehemu hiyo ya mbele kabisa huitwa uso wa handaki. Ukiukazia macho uso huo, michoro ya mashine iliyokuwa ikikuchosha itaanza kusomeka.

Twende London, mwaka 1825, ukingo wa Rotherhithe. Marc Brunel, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa, alitaka kupita chini ya mto Thames. Kwanza alihitaji shimo la kuteremkia kwenye ardhi iliyolowa. Akajenga mnara wa matofali wa kipenyo cha mita 15 hivi juu ya ardhi, ukikalia pete ya chuma. Vibarua wakachimba ndani yake, nao mnara ukazama taratibu kwa uzito wake. Aliyewahi kumwona fundi wa kisima akishusha pete za zege huku akichimba chini yake ameiona kanuni hiyo hiyo.

Kisha ikaja ngao. Zilikuwa fremu 12 za chuma cha kusubu zilizosimama bega kwa bega, kila moja na ghorofa tatu, hivyo vikapatikana vyumba 36, na katika kila chumba mchimbaji mmoja. Mbele yake palikuwa na mbao fupi zilizobana udongo kwa skrubu. Aliondoa ubao mmoja, akachimba sentimita 11 hivi, akaurudisha ubao mbele, akakaza skrubu, ndipo akagusa wa pili. Uso wote ukishasogea, fremu zilisukumwa kwa jeki zilizoegemea matofali mapya ambayo waashi walikuwa wameyajenga nyuma. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hakuna wakati ambapo uso ulikuwa wazi zaidi ya upana wa ubao mmoja kwa kila mtu. Husimuliwa kwamba Brunel alipata wazo kwa kumchunguza mnyoo wa baharini atoboaye mbao, adui yule yule ambaye mafundi wa majahazi wa pwani yetu humkinga kwa kupaka deheni.

Ngao ilishika udongo. Maji haikuweza kuyashika. Mei 1827 mto uliingia. Isambard, mwana wa Brunel, akateremka mtoni ndani ya kengele ya wazamiaji kulikagua tundu, likazibwa kwa magunia ya mfinyanzi. Januari 1828 mto uliingia tena ukaua watu sita. Fedha zikaisha na kazi ikalala kwa miaka saba. Wachimbaji nao walikuwa wakifanya kazi katika maji yaliyobeba uchafu wa vyoo vya jiji zima. Waliugua homa, na macho ya baadhi yao yakaharibika. Handaki lilifunguliwa Machi 1843: mita 396 zilizogharimu miaka 18. Treni zinapita humo hadi leo.

Baada ya hapo makandarasi waliogopa kazi ya chini ya Thames. Aliyeithubutu ni James Henry Greathead, mzaliwa wa Grahamstown, Afrika Kusini, mji unaoitwa leo Makhanda. Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 25 hivi, alichimba handaki la mradi wa mhandisi Peter Barlow karibu na mnara wa London: ngao ndogo ya duara, kipenyo kipatacho mita mbili, na nyuma yake pete za chuma cha kusubu zilizofungwa kwa bolti. Pengo lililobaki kati ya pete na udongo lilijazwa chokaa ya majimaji. Zaidi ya mita 400 zilikamilika ndani ya mwaka mmoja. Sifa hupewa ngao na zile pete. Kwa maoni yangu ushindi mkubwa zaidi ulikuwa kuchagua mahali pa kupita. Walishuka chini zaidi ya Brunel hadi kwenye tabaka la mfinyanzi mgumu wa London, ambao wenyewe huzuia maji. Ardhi iliwafanyia kazi ambayo Brunel alitaka fremu zake zifanye peke yake.

Na pale ambapo mfinyanzi huo haupo? Jibu lilikuwa limeandikwa tangu 1830, Thomas Cochrane alipopata hataza ya kuchimba kwa hewa iliyogandamizwa. Unafunga handaki kwa ukuta, unaweka chumba chenye milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja, kisha unajaza hewa mpaka kani yake ilingane na ya maji. Kila mita 10 za kina zinadai kani ya angahewa moja zaidi.

Hapa pana mtego, na nakusihi uuelewe kabla ya kusonga mbele. Kani ya maji huongezeka kadiri unavyoshuka, lakini hewa ndani ya handaki ina kani ile ile juu na chini. Ukiweka hewa ya kutosha kuzuia maji sakafuni, inazidi kiasi darini, nayo itatafuta njia ya kutokea kwenye matope. Ikiipata, hewa inafyatuka kwenda juu na mto unashuka. Ndivyo ilivyotokea Julai 1880 chini ya mto Hudson huko Marekani, ambako DeWitt Clinton Haskin alitegemea hewa bila ngao. Watu 20 walikufa.

Hewa hiyo ilikuwa na deni jingine. Mtu akitoka haraka, gesi iliyoyeyuka katika damu yake hutoa mapovu. Viungo humuuma, wengine hupooza, wengine hufa. Ernest Moir alipofika Hudson mwaka 1889 aliwakuta wachimbaji wakifa kwa kiwango cha robo yao kwa mwaka. Akajenga chumba cha chuma cha kuwarudishia wagonjwa kwenye kani ya hewa na kuwatoa polepole, na vifo vikapungua hadi viwili katika miezi 15. Chumba kile ni sehemu ya mbinu ya uchimbaji sawa na ngao yenyewe, na mwandishi anayekiacha ameeleza nusu ya kazi.

Handaki la chini ya mlango wa mto Severn, huko Uingereza, lilichimbwa kwa njia nyingine kati ya 1873 na 1886: baruti ndani ya mwamba, na pampu. Kilichowashinda wachimbaji kwa muda ni chemchemi iliyopasuka upande wa nchi kavu mwaka 1879. Ili pampu zifue dafu, mzamiaji Alexander Lambert alilazimika kutembea zaidi ya mita 300 gizani ndani ya handaki lililojaa maji akafunge mlango wa chuma. Mpira wake wa hewa ulikuwa mzito mno kuburuta, hivyo safari iliyofaulu aliifanya akiwa na kifaa cha Henry Fleuss cha kubeba hewa mgongoni.

Mwishoni mwa karne majibu haya yaliunganishwa. Handaki la St. Clair, kati ya Kanada na Marekani, lilitumia ngao, hewa na pete za chuma kwa pamoja, likafunguliwa 1891. La Blackwall likafuata London mwaka 1897. Mwaka mmoja kabla ya Blackwall, reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa, ikavuka Makupa kwa daraja. Likoni bado inavukwa kwa feri, na mkondo wake ni zoezi zuri kwa msomaji wa Kenya: piga hesabu ya kina, kisha ya kani ya hewa ambayo wachimbaji wa 1897 wangehitaji.

Kwa kuanza, tafuta mchoro wa Blackwall uliokatwa kwa urefu. Weka kidole kwenye uso, kisha rudi nyuma ukitafuta ngao, pete ya mwisho, na mlango wa kwanza wa chumba cha hewa. Pima umbali kati ya mlango huo na mtu anayechimba. Huo ndio mwendo aliopaswa kuukimbia mto ulipoingia.