Mtoto Mkaidi Arudishwe Nyumbani?

Muhula umeanza, watoto wamerudi darasani, na barua zimeanza tena kutoka ofisini kwa hedimasta. Barua hizo mnazijua. Ni karatasi ndogo yenye muhuri, imeandikwa kwa Kiingereza, mtoto anaileta ikiwa imekunjwa mara nne mfukoni. Inasema amesimamishwa masomo siku tatu, au wiki moja, au wiki mbili, kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Mama anampa jirani amsomee. Jirani anasoma kimya, anarudisha karatasi, anasema: "Wanasema mtoto wako ni mkaidi." Basi, ni hayo tu.

Mwezi huu tuzungumze juu ya neno hilo, ukaidi. Hatusemi juu ya mtoto aliyempiga mwenzake jiwe au aliyekuja na kisu shuleni. Huyo ni kesi nyingine, na hata mimi nakubali asikae na wengine mpaka wakubwa wameongea. Tunasema juu ya yule aliyemjibu ticha vibaya, aliyekataa kusimama, aliyegoma kuandika, aliyecheka wakati wa kukemewa. Je, huyo naye arudishwe nyumbani?

Mimi ni mwalimu msaidizi wa kujitolea hapa Nakivale. Kazi yangu ni kukaa darasani na kutafsiri Kiingereza kwa Kiswahili kwa watoto waliofika karibuni, kwa hiyo mambo mengi nayaona kutoka pembeni, nikiwa nimeegemea ukuta. Wakubwa wangu mtanivumilia, mimi ni kijana, lakini nitasema ninavyoona.

Chukua mtoto wa miaka kumi na minne. Kule Kivu alikuwa amefika darasa la tano, anasoma kwa Kifaransa. Hapa Uganda masomo ni Kiingereza, basi wakampima na kumrudisha P3, akae na watoto wa miaka minane. Magoti hayaingii chini ya dawati. Ticha anauliza swali la kugawanya, mtoto analijua jibu, hesabu hizo alizimaliza zamani, lakini maneno ya kusema hana. Ananyamaza. Ticha anarudia. Wadogo wanaanza kucheka. Yeye anainama, anachora mistari kwenye daftari. Anaambiwa asimame, hasimami. Hapo ndipo ukaidi unapozaliwa. Ukisoma barua, hutaona humo Kifaransa wala dawati, wala wale wadogo waliocheka. Utaona tu kwamba alikataa amri ya mwalimu.

Na iko mambo madogo madogo ya mila. Kwetu mtoto akijua jibu anapiga vidole hewani na kumwita mwalimu kwa sauti ili achaguliwe. Nimeona ticha akichukua hiyo kama dharau. Mtoto mwingine amefundishwa nyumbani asimtazame mkubwa machoni, ndiyo heshima, halafu ofisini anaulizwa kwa hasira kwa nini anaangalia chini kama mwizi. Sisemi wote wako hivyo. Wako wakaidi wa kweli, na wako wengine Kiingereza wamekishika vizuri kabisa, tena wanakitumia kwa kutukana tu.

Zamani jambo hili lilimalizwa kwa fimbo. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ya Uganda ilitoa waraka wa kukataza viboko mashuleni, na mwaka 2016 Bunge likaliingiza jambo hilo kwenye Sheria ya Watoto: mwenye madaraka shuleni akimpa mtoto adhabu ya kipigo anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Ni sheria nzuri. Najua wazazi wengi hamkubaliani nami, maana kila mkutano anasimama mzee mmoja na kusema, "Mupige tu, ticha, mimi nimekubali." Hapana, mzee wangu. Ruhusa yako haiondoi sheria, na mtoto aliyekimbia bunduki hahitaji kufundishwa kuogopa.

Lakini tuseme ukweli. Fimbo ilipotolewa mkononi mwa ticha, hakuna kitu kilichowekwa mahali pake. Darasa ninalosaidia lina watoto zaidi ya mia moja na ishirini, ubao mmoja, na ticha mmoja aliyeamka usiku kusahihisha madaftari. Mmoja akianza vurugu, mia nzima wanageuka kumtazama na somo linakufa. Ticha afanye nini? Anaandika jina. Majina yanafika ofisini, ofisi inaandika barua. Ndivyo barua ilivyogeuka kuwa fimbo mpya.

Sasa tumfuate mtoto nyumbani. Siku ya kwanza mama ameenda shambani, au kwenye foleni ya chakula, na tangu 2023 familia zilipogawanywa kwa makundi ya msaada kuna wazazi wanaohangaika kutwa nzima na vibarua. Mtoto anabaki na wadogo zake. Siku ya pili jirani anamwita amsaidie kufyatua matofali, anampa shilingi elfu mbili. Siku ya tatu ana pesa mfukoni, na shuleni kunamngoja dawati lisiloingia magoti. Mnafikiri atachagua nini? Yule wa P3 niliyemtaja barua yake ilisema wiki mbili. Muhula umepita, umekuja mwingine, na bado yuko kwenye tanuri la matofali. Nimepita kumwona mara mbili. Hesabu ya matofali anaipiga kichwani haraka kuliko mwenye tanuri.

Kwa msichana ni hatari zaidi, na wazazi mnanielewa bila mimi kueleza. Hatuhitaji mtaalamu atuambie mtoto asiyekwenda shule anapata nini. Tuliona wenyewe wakati wa Korona. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na madarasa yote hayakurudi mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi nyingine duniani. Shule zilipofunguliwa, viti vingapi vilibaki vitupu? Wavulana walikuwa ziwani na kwenye mkaa, wasichana walikuwa na mimba. Barua ya wiki mbili ni Korona ndogo ya mtoto mmoja.

Mama mmoja alikuja kwetu na karatasi yake mkononi, akaniuliza swali ambalo sijaweza kulisahau: "Mwalimu, mtoto anakuwa nyumbani siku tano, nani anamuchunga? Mimi niko shambani. Sasa mumemufukuza yeye, ama mumenifukuza mimi?" Na huyo angalau mtoto wake ana mama. Tunao watoto waliokuja bila wazazi, wanaishi na mlezi, wengine wanaongoza nyumba wenyewe na wadogo watatu nyuma yao. Barua inasema arudi na mzazi. Mzazi gani?

Wengi wetu tuna ndugu waliopelekwa Marekani, na wanaopiga simu wanasema huko mtoto anaweza kumjibu ticha chochote. Si kweli hivyo, lakini kuna jimbo moja huko ambalo limebishana juu ya swali letu hili hili kwa miaka mingi, nalo ni California. Sheria yao ya elimu iliruhusu shule kumsimamisha mwanafunzi kwa kosa la kuvuruga masomo au kupinga kwa makusudi amri ya mwalimu. Mwaka wa masomo 2011/2012 karibu nusu ya adhabu zote za kusimamishwa katika jimbo zilikuwa kwa kosa hilo moja. Walipoangalia ni kina nani wanaosimamishwa, wakakuta watoto weusi wanazidi sana kulingana na idadi yao. Sababu iko wazi kwangu. Kuchelewa kunapimwa kwa saa na wizi unaonekana kwa kitu kilichopotea. Ukaidi hauna kipimo. Unategemea moyo wa anayeutazama siku hiyo, na mtoto wa wageni ndiye anayeonekana mkaidi haraka.

Mwezi Mei 2013 shule za serikali za Los Angeles zikaacha kusimamisha watoto kwa ukaidi. Jimbo likafuata polepole: kuanzia 2015 likawakinga wadogo mpaka darasa la tatu, Julai 2020 likaongeza la nne na la tano, pamoja na la sita mpaka la nane kwa muda, na kuanzia Julai 2024 likafika mpaka mwisho wa sekondari. Kwa madarasa ya juu sheria hiyo ina mwisho wake katikati ya 2029, watakaa tena kuamua. Jambo jingine lililonifurahisha: wamekataza pia kumsimamisha mtoto kwa sababu ya utoro. Ni kweli, mtoto hataki kuja shule, wewe unamwadhibu kwa kumwambia asije shule!

Wako walimu huko waliopinga, na siwacheki, maana nalijua darasa. Walisema mtoto mmoja atawanyima wengine masomo. Lakini sheria haikumwacha ticha mikono mitupu. Bado anaweza kumtoa mtoto darasani mwake siku hiyo na siku inayofuata. Akimpeleka ofisini, ofisi inatakiwa imjulishe ticha, ndani ya siku tano za kazi, imefanya nini na mtoto huyo. Hicho kipande ndicho ningependa kukiiba na kukileta Nakivale. Hapa ticha anapeleka jina, halafu hasikii tena kitu mpaka aone kiti kitupu.

Mnaona basi nasimama wapi. Kwa kosa la mdomo na la kukataa, mtoto atolewe kwenye somo, asitolewe shuleni. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Uganda iliuridhia 1990, unazitaka serikali zipunguze watoto wanaoacha shule. Shule inayomsukuma mtoto nje kwa sababu hakusimama alipoambiwa inafanya kinyume chake.

Shuleni kwetu tumejaribu kitu kidogo, hakina mradi wala kibao cha shirika. Kuna mwembe nyuma ya jiko, tumeweka benchi. Mtoto akimshinda ticha, analetwa kwa mmoja wetu wasaidizi. Kwanza anakaa tu. Halafu anaeleza kwa Kiswahili, au Kibembe, au lugha yoyote tunayoweza kuielewa, nini kimetokea. Tunaandika kwenye daftari. Anafanya kazi ya somo lile pale pale benchini, kipindi kinachofuata anarudi, na ticha anapewa maneno ya mtoto. Mara nyingi ticha anashangaa. "Kumbe hakunielewa?" Mara nyingine ni mtoto anayeshangaa, akisikia kwamba ticha naye aliumia kuchekwa mbele ya watu.

Haifanyi kazi kila siku. Mvulana mmoja aliupenda mwembe mpaka akawa anatukana makusudi saa nne ili aletwe kivulini. Tukampa hesabu ishirini badala ya tano, akapona haraka. Na wako wawili ambao mwembe haukuwasaidia kabisa. Mmoja wao tuligundua hasikii vizuri sikio la kushoto, alikuwa akiitwa mkaidi mwaka mzima. Wa pili bado tunaongea na mjomba wake.

Sasa zamu yenu, wazazi. Mnapoitwa, mje. Akina baba pia, maana kwenye benchi letu nawaona akina mama tu. Ticha aliyewaita mara tatu bila jibu, mara ya nne ataandika barua, na sitamlaumu sana. Tena tusiseme mbele ya watoto kwamba ticha huyu wa hapa hatupendi sisi wakimbizi. Labda ni kweli, labda si kweli, lakini kesho mtoto atayabeba maneno hayo mpaka darasani na yeye ndiye atakayeyalipia.

Kwenye mkutano wa kamati ya shule, ulizeni bila kuogopa, kwa lugha yenu, mkalimani atakuwepo. Nani anaamua mtoto asimamishwe, ticha peke yake, hedimasta au kamati? Siku ngapi ndiyo mwisho? Mtoto anasikilizwa kabla ya barua, na kwa lugha gani? Asiye na mzazi, nani anamsimamia? Ombeni majibu yaandikwe na kubandikwa ukutani, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Na mwenye barua ambayo hajaielewa aje nayo. Walimu wasaidizi tunakaa chini ya mwembe kila Jumamosi asubuhi, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Tunasoma barua bure, tunasaidia kuandika jibu, na ikibidi mmoja wetu anasindikiza mtoto na mlezi wake mpaka ofisini. Mje na barua yenyewe, hata kama imechanika, na mje na mtoto.