Waya na Wati: Sauti ya Redio Hufikaje Mbali

Kila anayeanza kujifunza redio ya ridhaa, yaani redio ya watu binafsi wenye leseni wanaowasiliana na wenzao wa mbali kwa kuipenda elimu hiyo wala si kwa kutafuta faida, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: mtambo huu una wati ngapi? Swali hilo lina maana, ila limetangulizwa mno. Kwani mtambo wa wati 100 uliofungwa kwenye waya mbovu uliolazwa juu ya bati huweza kushindwa na mtambo wa wati 5 wenye waya uliopimwa sawasawa na kuinuliwa juu, na ushahidi wa jambo hili una umri wa miaka mia na ushei.

Huko Marekani, sheria ya mwaka 1912 iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi kuliko hayo, ambayo mabingwa wa zama zile waliyahesabu kuwa hayafai kwa safari ndefu. Walipoazimia kujua kama ishara zao zaweza kuvuka bahari ya Atlantiki, chama chao kilimtuma Paul Godley, fundi hodari wa vyombo vya kupokelea, aende Uskoti. Naye mwezi wa Desemba 1921, akikaa ndani ya hema karibu na pwani ya Ardrossan, katika baridi na mvua, hakusimamisha mnara, bali alitandaza waya mmoja wa mamia ya futi juu ya nguzo fupi, ukiuelekea upande wa Marekani. Kwa waya huo alivisikia vituo vingi vya watu wa ridhaa kutoka ng'ambo, na kimojawapo, cha Greenwich katika Connecticut, kilikuwa na nguvu ya takriban kilowati moja tu. Hata ilipofika tarehe 18 Oktoba 1924, Frank Bell, akiwa shambani kwao New Zealand, akapashana habari kwa alama za Morse na Cecil Goyder, kijana wa shule ya Mill Hill huko London, na baina yao palikuwa na dunia karibu nzima.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mawimbi mafupi hayatambai juu ya ardhi kwa mwendo mrefu, bali hupanda angani, na huko juu, kilomita 250 hadi 400 kutoka ardhini, hukuta tabaka la hewa nyepesi ambalo mionzi ya jua imelitia umeme, likayapinda na kuyarudisha chini. Basi wimbi linaloondoka kwenye antena likiwa limeinama karibu na upeo wa macho hushuka maelfu ya kilomita mbele, ilhali lile linaloondoka kwa kupanda wima hurejea jirani. Na kinachoamua ni waya na kimo chake, si wati.

Antena iliyo rahisi kuliko zote ni waya wa shaba uliokatwa nusu ya urefu wa wimbi. Ugawe 143 kwa idadi ya megahezi, nawe utapata urefu wake kwa mita: kwa megahezi 7.1 ni mita 20 na kidogo, vipande viwili vya mita kumi kumi, katikati pameungwa kebo inayoshuka hadi mtamboni. Mtu wa Dar es Salaam akiutundika waya huo baina ya minazi miwili kwa kimo cha mita tano, sehemu kubwa ya nguvu itapanda juu na kurudi katika eneo la kilomita mia kadhaa, na kwa mtu atakaye kuzungumza na Dodoma mchana, hiyo ni neema tupu. Lakini akitamani Bara Hindi au Ulaya, ama auinue hadi mita 20, jambo ambalo si kila uwanja unaliruhusu, ama akate waya mwingine wa megahezi 14, ambao kimo cha mita kumi chautosha.

Na wati je? Hapa hesabu haina huruma. Ili mshale wa kipimo cha nguvu ya ishara upande daraja moja tu kwa yule anayesikiliza, sharti nguvu iongezwe mara nne: kutoka wati 100 hadi 400, na daraja la pili lataka 1,600. Kwa upande mwingine, mwenye wati 5 yuko madaraja mawili na kidogo tu chini ya mwenye 100, tofauti ambayo sikio huivumilia pindi anga inapotulia. Antena ya vijiti vitatu ya namna waliyoibuni Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi miaka ya 1920 huweza kuipa ishara faida inayokaribia hiyo mara nne upande inakoelekezwa, bila kuongeza gharama ya umeme. Tena antena hiyo humsaidia mtu kusikia kama inavyomsaidia kusema, fadhila ambayo kipaza nguvu, kwa bei yake yote, hakiwezi kuitoa. Mimi naona mwenye akiba ndogo aitumie yote kwenye waya na mlingoti kwanza.

Katika mawimbi ya mita mbili, yale ya redio za mkononi, tabaka la juu aghalabu halirudishi kitu, na mwendo hutegemea upeo wa macho. Antena mbili zilizo mita tisa juu ya nchi tambarare huonana kwa kilomita kama 25, hivyo Dar es Salaam na Unguja hazifikiani kwa njia hiyo mpaka kila moja ipandishwe mita themanini na zaidi; ilhali aliye kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, hesabu yampa upeo wa kilomita 300 na ushei, na Nairobi imo ndani yake, kwa redio ya wati 5.

Yabaki ile kebo, ambayo wengi huidharau. Mita 30 za kebo nyembamba, katika mawimbi hayo ya mita mbili, hula robo tatu ya nguvu, hata wati 50 zikafika juu kama 12, ilhali kebo hiyo hiyo katika megahezi 7 hupoteza kidogo tu. Pwani pana adui mwingine, chumvi, ambayo hupenya kwenye kiungo na kuigeuza shaba kuwa kijani. Kwa hiyo kiungo kizingirwe utepe wa mpira tangu siku ya kwanza, na kebo ikunjwe kidogo chini yake ili maji ya mvua yadondoke kabla hayajaingia.